Meza ya Mitindo: Koti Hupimwa Begani Kwanza

Barua za safari hii zimejaa makoti, visigino na bosi mmoja asiyetaka kuona suruali. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwenye bahasha.

Dada zangu, nimeajiriwa kwenye ofisi ya mawakili na nimenunua koti langu la kwanza la suti. Kwenye kioo cha duka lilinipendeza, lakini ofisini naonekana kama nimeliazima. Mikono ni mirefu, mgongo unabana, kiuno kinapwaya. Nilirudishe au nimpelekee fundi?
*Wakili mpya*

Mdogo wetu, mikono na kiuno viache kwanza. Anza begani, maana bega ndilo fundi wengi huliogopa, na wana haki. Ukitaka kulipunguza ni lazima mkono mzima ufumuliwe, pedi itolewe, bitana ifunguliwe, kisha kila kitu kirudishwe mahali pake. Kazi hiyo wakati mwingine hukaribia bei ya koti lenyewe, na ikikosewa mkono huning'inia umepinda.

Kulipima ni rahisi. Simama ubavu kwa ukuta huku umelivaa, sogea polepole. Bega la koti likigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa. Ukiona nyama ya mkono imetokeza nje na kuchora kishimo chini ya mshono wa bega, ni dogo. Mshono wenyewe unatakiwa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia. Likifeli hapo, lirudishe dukani leo hii, usisubiri risiti ipotee.

Bega likiwa sawa, mengine yanazungumzika. Mikono hupunguzwa kutoka chini hadi ifike kwenye kifundo, ili ukingo wa mkono wa shati uchungulie kama sentimita 1. Kabla ya hapo angalia vifungo vya mkononi: vikiwa vya mapambo tu, fundi anaweza kukata sentimita 3 au 4 bila taabu. Vikiwa na matundu ya kweli yanayofunguka, haviwezi kuhamishwa, na ukikata chini kifungo cha mwisho kitabaki kimening'inia ukingoni. Hapo mkono hupunguzwa kutoka juu, na tumerudi kwenye ile kazi ya bega.

Kiuno hupunguzwa kwenye mishono ya ubavuni. Sentimita 2 hadi 5 kwa jumla ni salama. Zaidi ya hapo mifuko ya mbele huanza kukimbilia mgongoni, na kila mtu ataona kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Mgongo unaobana ndio unaotutia shaka. Jikumbatie, kila mkono ushike bega la upande wa pili, kisha keti mezani kama unayechapa. Ikiwa huwezi, fundi afungue bitana kidogo aone nguo iliyobaki ndani ya mshono wa katikati ya mgongo. Ikiwepo sentimita 1 au zaidi kila upande, inaweza kuachiwa. Isipokuwepo, hakuna muujiza. Tahadhari moja: kuachia mshono huacha mstari wa matundu ya sindano pale ulipokuwa. Kwenye sufu matundu hujificha ukipiga mvuke, ila kwenye hariri, ngozi na pamba iliyosokotwa kwa kubana hubaki milele.

Siku ya kwenda kwa fundi vaa blauzi na viatu utakavyovaa navyo. Funga kifungo, acha aweke pini, inua mikono, keti, simama. Kama koti ni la kitani au la pamba na lebo inaruhusu maji, lifue mara moja kabla halijakatwa, kwa sababu vitambaa hivyo hunywea kwenye ufuaji wa kwanza na vipimo vyote huwa kazi bure.

Kabla hujaondoka nyumbani, geuza koti uangalie mgongoni, kwenye mpasuo. Je, kuna uzi mnene umeshonwa umbo la X? Huo ni wa kushikilia mpasuo usikunjike likiwa safarini kwenda dukani. Ukate kwa mkasi mdogo. Fanya hivyo hivyo kwa lebo iliyoshonwa juu ya mkono na kwa mifuko iliyozibwa kwa uzi mwepesi. Tunaona X hizo maofisini kila siku, migongoni mwa watu wenye vyeo vizito.

Bosi wangu anasema suruali kwa mwanamke si vazi rasmi. Ana hoja, au ni mambo yake tu?
*Mchoka sketi*

Hoja hana, ila ana wenzake wengi waliomtangulia. Mwaka 1800 polisi wa Paris walitoa amri kwamba mwanamke anayetaka kuvaa kiume sharti aombe kibali. Mwaka 1892 na 1909 ikalegezwa: suruali ruksa, mradi mwanamke awe ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Ni mwaka 2013 ndipo serikali ya Ufaransa ilipotamka wazi kwamba amri hiyo haina nguvu tena. Mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, Yves Saint Laurent, alikuwa ameshawatolea wanawake suti yake ya jioni yenye suruali tangu 1966, na katika ukumbi wa Seneti ya Marekani maseneta wanawake walianza kuingia na suruali mwaka 1993.

Kwa hiyo usibishane naye kwa hisia. Omba mwongozo wa mavazi wa ofisi kwa maandishi. Ikiwa haukatazi, vaa suruali isiyompa mtu pa kushika: kitambaa chenye uzito kidogo kisichochora mstari wa nguo ya ndani, mkunjo wa pasi katikati ya mguu, mifuko ya ubavuni inayolala tuli. Mifuko ikitanuka kama masikio ukiwa umesimama, tatizo ni nyonga kubana, na kuishona mifuko ifungike hakutaondoa.

Urefu ndio huharibu suruali nyingi nzuri. Pindo la mguu mpana liishie sentimita 1 hadi 1.5 juu ya sakafu kwa nyuma, ukiwa umevaa viatu. Maana yake ni kwamba suruali iliyopindwa kwa kisigino cha sentimita 6 haiwezi kuvaliwa na viatu bapa. Amua mapema suruali ipi ni ya viatu vipi, vinginevyo utafagia ngazi nayo.

Nina nguo nyeusi nyingi, nikidhani nyeusi huendana na nyeusi. Mbona sketi yangu inaonekana ya kahawia nikiivaa na koti?

Nyeusi ziko nyingi. Kila kitambaa hunywa rangi kwa namna yake: poliesta huishika kwa muda mrefu, pamba huiachia kidogo kidogo kila ikifuliwa hadi ipauke na kuingia wekundu au ukijivu. Hata dukani, taa za njano huzificha tofauti hizo. Chukua nguo zote mbili hadi mlangoni, zitazame kwenye mwanga wa mchana.

Njia ya kukwepa ni kununua suti nzima kwa wakati mmoja, na kufua au kupeleka kwa dobi vipande vyote pamoja, hata kama suruali ndiyo iliyochafuka peke yake. Au tofautisha kwa makusudi: sufu isiyong'aa na hariri inayong'aa hazishindani, ila pamba mbili za weusi tofauti hugombana mchana kutwa. Nyeusi zifue kwa maji baridi, ndani nje, uzianike kivulini.

Kwa mwenye kuanza upya, gauni moja jeusi la mstari ulionyooka bado ni kitu cha kutegemewa. Mwaka 1926 jarida la Vogue la Marekani lilichapa mchoro wa gauni la namna hiyo la mbunifu Chanel wa Paris na kulifananisha na gari la Ford, kwa maana ya kitu kimoja kitakachowafaa wengi. Halijakosea hadi leo.

Natembea dakika 25 kutoka kituoni hadi ofisini, na kazini natakiwa visigino. Jioni nyayo zinawaka moto. Nivumilie?
*Mhudumu wa wateja benki*

Usivumilie, gawanya kazi. Viatu vya njia ni vya njia na vya ofisini ni vya ofisini. Weka jozi moja kwenye droo au ibebe kwenye mfuko wa kitambaa. Plastiki hapana, kwa sababu jasho halitoki na ngozi huanza kunuka.

Viatu vya kazini vinunue jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyokuwa saa kumi. Pima miguu yote miwili, ununue kwa ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya kama sentimita 1. Kisha fanya majaribio matatu ambayo muuzaji hatakuambia.

Kunja kiatu kwa mikono. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, chini ya uvungu wa mguu, kipande kigumu cha ndani ni dhaifu au hakipo, na ni uvungu wako utakaofanya kazi yake. Pili, kiweke kwenye meza bapa ukisukume kidogo kwa kidole kutoka pembeni. Kikiyumba, kisigino kimepachikwa vibaya. Tatu, vaa, simama kwa mguu mmoja. Uzito uangukie katikati ya kisigino chako. Ukihisi unasukumwa vidoleni, kirudishe kwenye rafu.

Sentimita 3 hadi 5 zinawatosha wengi kwa siku nzima. Ukitaka kuonekana mrefu zaidi, fanya hesabu ya kutoa: kisigino cha sentimita 8 chenye soli ya mbele ya sentimita 3 kinaupandisha mguu wako 5 tu. Na kisigino kipana hakichoshi kama chembamba cha urefu uleule, maana kifundo hakihangaiki kutafuta mizani kila hatua.

Kiatu kipya kizoeshe nyumbani kwa nusu saa kila siku, na soksi, kwa siku nne au tano. Plasta ibandikwe kabla ya ngozi kuchubuka, malengelenge yakishatoka umechelewa. Kiatu cha ngozi kipumzishe siku nzima baada ya kukivaa. Kikilowa, kijaze karatasi, kikaukie mbali na moto na jua kali, la sivyo ngozi itapasuka kwenye mikunjo. Raba ya chini ya kisigino ikibaki nyembamba, ibadilishwe mara moja. Ukianza kusikia ko-ko-ko ya msumari sakafuni, kisigino chenyewe kimeshaanza kuliwa.

Nimeongezewa majukumu ya mtu aliyeondoka, mwezi wa nane sasa, mshahara uleule. Dada zangu mnaojua mambo ya maofisi, naanzaje?
*Afisa masoko*

Anza kwa karatasi, siyo kwa mdomo. Chora safu mbili: kazi zilizo kwenye mkataba wako, na kazi unazofanya leo. Chini yake andika matokeo matatu yenye tarakimu, mathalani wateja waliobaki, siku zilizookolewa, gharama iliyoshuka. Matatu yanatosha, ukiweka kumi bosi atalijibu lile dhaifu kuliko yote.

Omba kikao cha dakika 30 na utaje mada, usimvizie kwenye ngazi. Kiombwe kabla bajeti ya mwaka haijafungwa, kwa sababu baada ya hapo hata bosi mwenye nia njema hana fungu la kukatia. Tafuta mapema mishahara ya nafasi kama yako kwenye matangazo ya kazi, kisha taja kiasi kimoja. Ukisema "kati ya hapa na hapa", utapewa cha chini. Ukishakitaja, nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu hujiharibia: ukimya wa sekunde kumi unatutisha, tunaanza kujipunguzia wenyewe kabla hajasema neno.

Kodi ya nyumba, ada za watoto na mshahara wa jirani wa meza visiingie kwenye kikao. Akikataa, uliza mambo mawili: nini kinapungua, na tutazungumza tena tarehe gani. Jioni hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi yenye majibu yake. Bila barua hiyo, mwezi wa kumi na sita utafika ukiwa bado unaulizwa "kwani tuliongea lini?"

Sina ofisi, nabuni matangazo na wateja hutaka tukutane mjini. Mara mbili nimechagua mkahawa mzuri, tukaishia kupigiana kelele kama tuko sokoni. Mahali huchaguliwaje? Na mwanamke akae wapi mjini kwa muda wa saa mbili peke yake bila kusumbuliwa?
*Mbunifu wa kujitegemea*

Mikahawa inayopendeza kwenye picha mara nyingi ndiyo mibaya kwa maongezi. Sakafu ya vigae, kuta tupu, vioo na dari ndefu, vyote huirudisha sauti, na kila meza hupandisha sauti ili ijisikie. Tafuta penye mapazia, mito, viti vya kitambaa, rafu za vitabu. Vitu hivyo huinywa sauti.

Nenda siku moja kabla, saa ileile ya kikao, kwa sababu mahali palipo patulivu saa nne huwa kiwanda cha kelele saa saba. Kaa dakika 10, mpigie mtu simu. Akikuomba urudie maneno mara mbili, ondoka.

Meza iwe ya kulia chakula, yenye kimo cha sentimita 70 hadi 75. Zile fupi za kwenye makochi hukulazimisha kuinama, kompyuta hukaa magotini, sketi hupanda, na mteja hajui atazame wapi. Wewe keti upande unaotazama mlango, yeye akutazame wewe na ukuta ulio nyuma yako, la sivyo macho yake yatamfuata kila anayeingia. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako uso wako utakuwa kivuli kitupu. Kaa mbali na mashine ya kahawa na njia ya chooni. Fika robo saa mapema, mwambie mhudumu kwamba bili ije kwako, kisha mtumie mteja ujumbe wenye jina la mlango wa kuingilia, ghorofa na kona ulipoketi. "Nipo ndani" humfanya azunguke mezani kwa watu akiwachungulia nyuso.

Swali lako la pili limetufurahisha, maana lina jibu lililotafitiwa. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa maisha ya mijini, William H. Whyte, aliweka kamera juu ya viwanja vidogo vya kupumzikia vya New York na kuhesabu nani anakaa wapi na kwa muda gani. Viwanja vilivyopendwa vilikuwa na wanawake kwa uwiano mkubwa kuliko kawaida, na palipokuwa na wachache, palikuwa na kasoro. Sababu ni kwamba wanawake huchagua zaidi pa kukaa. Basi nawe ukifika mahali pageni, kabla ya kutazama maua, hesabu wanawake walioketi peke yao. Watatu wanasoma bila wasiwasi? Keti. Hakuna hata mmoja, na wanaume wamejaa ukingoni? Pita tu.

Halafu angalia kama barabara inaonekana kutoka kwenye benchi. Bryant Park ya New York ilikuwa imejificha nyuma ya uzio na ua wa majani, na ikawa maskani ya wauza dawa za kulevya. Walipoifungua upya mwaka 1992 walikuwa wameondoa vizuizi hivyo, wameongeza milango na kuweka viti vyepesi visivyofungwa chini. Viti hivyo ni jambo dogo lenye faida kubwa: mtu akikukaribia mno, unasogeza chako nusu mita bila kusema lolote. Bustani ya Luxembourg mjini Paris nayo ina viti vya chuma vya namna hiyo, na utawaona watu wanavigeuza kufuata jua au kulikimbia. Benchi refu lisilosogea halikupi uhuru huo. Ukilazimika kulitumia, keti mwishoni na uweke mkoba upande ulio wazi.

Mvua ikinyesha, maktaba ya umma na ukumbi wa makumbusho havina mpinzani: kuna mlinzi, kuna choo, na hakuna anayekuuliza utaagiza nini.

Kwa ufupi

*Mtandio wangu wa shifoni unateleza kichwani hadi aibu.* Vaa kofia nyembamba ya pamba ndani, pamba hushika, poliesta juu ya nywele huteleza. Pini iingie kwenye mtandio na kofia kwa pamoja, nyuma ya sikio. Kwa shifoni na hariri tumia vishikizo vya sumaku, pini huacha matundu na huvuta nyuzi.

*Mkoba wangu mweupe umeingia ubuluu upande mmoja.* Ni jinzi mpya. Rangi yake huhamia kwenye ngozi nyeupe kwa msuguano na jasho, na ikishaingia ndani haitoki yote. Jinzi mpya ifue mara mbili tatu kabla ya kutoka nayo na mkoba huo. Angalia na koti lako la sufu upande uleule, bila shaka limeanza kutoa vibonge vya nyuzi pale mkoba unaposugua. Badilisha bega.

*Blauzi nyeupe, kwapa za njano, na jiki imezidisha.* Ingezidisha tu. Njano hiyo hutokana na jasho likichanganyika na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa ya kuzuia jasho, na klorini huikoleza. Loweka kwapa kwa magadi ya kupikia yaliyokorogwa na maji kidogo yakawa uji mzito, acha saa 1, sugua kwa mswaki laini, fua kwa maji ya uvuguvugu. Asubuhi acha dawa ikauke dakika 5 kabla ya kuvaa. Na doa likiwa bado lipo, usipitishe pasi juu yake, moto huligandisha.